Kidege Kisicho na Tundu: Tunachokisahau Tunapoimba "Malaika"

Kila mwaka, katika mhadhara wa kwanza wa historia ya jamii, huwaomba wanafunzi wangu wanitajie wimbo mmoja wa jadi unaomzungumzia ndege apendwaye. Wachache hutaja nyimbo za utotoni kwa lugha za kwao: za njiwa, za kasuku, za kanga wa bibi. Walio wengi, wawe wametoka bara au pwani, hutaja "Malaika". Huwauliza ndege yuko wapi humo. Hunyamaza kidogo, wakaupitisha wimbo vichwani mwao, kisha mmoja akasema: "Kidege." Huwauliza tena: nani aliutunga? Hapo hujibu kwa pamoja, na kwa uhakika mkubwa: "Wahenga."

Kuhusu kidege wako sahihi kuliko wanavyodhani. Kuhusu wahenga wamekosea, na kosa lao si dogo, kwa sababu limewagharimu watu riziki na limetugharimu sisi sote kumbukumbu. Wimbo huu una umri mdogo kuliko baadhi ya babu zetu. Haukutungwa na kabila wala na kijiji. Ni wimbo wa mji, wa kijana mwenye kazi na asiye na fedha, na ndege aliyemo ndani yake ndiye anayetuonyesha hivyo kama tukimtazama vizuri.

Tuanze na maudhui. Kijana anampenda msichana. Anamwita malaika. Anataka kumwoa, ila hana mali, na fedha inamsumbua roho. Hicho ndicho kisa chote. Hakuna ugomvi, hakuna usaliti, hakuna mama mkwe mkorofi. Katikati ya malalamiko hayo, malaika anashushwa kutoka mbinguni anakuwa kidege, na mwimbaji anamwambia habari ya kuwaza. Wasikilizaji wa ng'ambo, ambao wimbo huu waliupokea kwa jina lake tu, humjua malaika na hawamjui ndege. Tafsiri nyingi humtaja kwa kupita, kana kwamba ni pambo la kujazia mizani. Mimi nadhani malaika ndiye pambo. Malaika haolewi, halishwi, hatozwi. Ndege hufugwa, na kufuga ni gharama.

Katika Kiswahili kiambishi "ki-" kina nyuso mbili, na kila mzungumzaji huzitambua bila kufundishwa. Kinaweza kudekeza, kinaweza kudunisha. Mtoto akiitwa kitoto huenda anabebwa, huenda anasutwa. Sauti ndiyo itakayoamua. Kidege anayeimbiwa bila shaka anadekezwa. Si mwewe, wala si kunguru. Ni ndege wa ukubwa wa kiganja, wa kuwekwa karibu na dirisha, wa kupewa punje asubuhi na kuitwa jina. Watu wa pwani waliwafuga njiwa juu ya paa na kasuku na chiriku katika matundu, na washairi wao tangu zamani wamekuwa wakimwita mpenzi kwa jina la ndege, la ua au la tunda ili wasilitaje jina lake hadharani. Kwa hiyo msikilizaji wa miaka ya 1940 au 1950 hakuhitaji kuelezwa. Akisikia kidege, alijua kwamba kuna mtu anayetamani kumweka ndege huyo kwake, na kwamba ili amweke anahitaji tundu, punje na mahali pa kulitundika tundu lenyewe.

Lugha yetu ina methali inayokaa upande wa pili wa jambo hili: kunguru hafugiki. Hutumiwa kumsema mtu asiyetulia nyumbani, na aghalabu husemwa juu ya mwanamke. Kwa hiyo tuna ndege afugikaye na ndege asiyefugika, na lawama zote, katika methali, humwangukia ndege. "Malaika" inaligeuza jambo hilo. Ndege wa wimbo huu hana kosa. Ni mfugaji ndiye asiye na uwezo. Sijui nyimbo nyingi za mapenzi za zama zile ambamo mwanamume anajieleza hivi, bila kumsingizia mwanamke, bila kumlaumu mwanamume mwenzake, akakiri tu kwamba mfuko wake ni mtupu.

Kuna jambo jingine dogo la sarufi ambalo huwa nalichelewesha hadi mwisho wa mhadhara, lakini hapa nitalisema mapema. Kitenzi cha kuwaza kinachoandamana na kidege kinaanza kwa silabi mbili, "hu" na "ku". Chukua kitenzi kingine chenye umbo hilohilo: "hukungoja". Naweza kusema "hukungoja kila jioni", nikimaanisha kwamba ni mazoea yangu kukungoja wewe. Naweza pia kusema "hukungoja", nikikulaumu kwamba jana uliondoka kabla sijafika. Herufi ni zilezile. Katika maana ya kwanza "hu" ni ya mazoea na "ku" ni wewe. Katika ya pili "hu" ni wewe na ukanushi, na "ku" ni wakati uliopita. Wengi wetu huuelewa wimbo kwa maana ya kwanza: kijana humuwaza ndege wake daima. Hata hivyo maana ya pili haifukuziki. Kidege, hukufikiri. Hukufikiri nini? Pengine kwamba mapenzi yanahitaji bei. Pengine kwamba huyu unayemsubiri hatakuja na posa. Sidai kwamba mtunzi aliikusudia maana hiyo. Nadai kwamba msikilizaji wa Kiswahili huisikia, hata asipojua kuwa ameisikia, na ndiyo sababu mojawapo ya huzuni ambayo tafsiri haiibebi.

Sasa fedha. Mwanafunzi wa siku hizi, akisikia kijana anayelia kwa kukosa mali, humdhania mvivu au mwanamuziki, makundi mawili ambayo wazazi wengi hawayatofautishi. Lakini kijana wa mjini wa zama zile hakuwa lazima mtu asiye na kazi. Huenda alikuwa karani, dereva, mpishi, fundi wa reli, kuli wa bandarini. Alilipwa kila mwezi. Tatizo lilikuwa katika hesabu iliyotumika kumlipa.

Serikali za kikoloni na waajiri wa Afrika Mashariki walilipa mshahara wa kapera. Fikra ilikuwa kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia: mke wake yuko kijijini, shamba lake liko kijijini, uzee wake utakuwa kijijini, na kwa hiyo mshahara wake unapaswa kumtosha yeye peke yake, chakula na malazi, basi. Mabweni ya miji yalijengwa kwa fikra hiyohiyo. Nairobi mwanamume alikodi nafasi ya kitanda. Hakukodi chumba, sembuse nyumba. Kama alikuwa na mke, sheria na ukuta vilimwambia kwamba hapakuwa na mahali pake. Ndege wa kufugwa angetundikwa wapi?

Haya siyasemi kwa kukisia kutoka katika wimbo. Yameandikwa na serikali yenyewe. Mwaka 1947 makuli na wafanyakazi wengine kwa maelfu waligoma Mombasa, na mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam wakagoma pia. Mwaka 1950 Nairobi ilisimama kwa mgomo mkuu baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Mwaka 1954, wakati Kenya iko katika hali ya hatari na maelfu ya wanaume wakisombwa mitaani Nairobi, kamati ya mishahara ya Waafrika chini ya F. W. Carpenter ilitoa taarifa yake. Ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta ya binafsi walipata ujira usiotosha mahitaji ya msingi ya mtu kuwa na afya na staha na kuweza kufanya kazi. Mtu mmoja, si familia. Kamati ikapendekeza mishahara iondolewe hatua kwa hatua kwenye kipimo cha kapera na kupelekwa kwenye kipimo cha mtu mwenye familia. Naomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu waitafute taarifa ile. Ni lugha ya ofisini, kavu, yenye majedwali, na inasema jambo lilelile linalosemwa na wimbo: huyu kijana tunamlipa, lakini hatumlipi kiasi cha kuoa.

Upande mwingine wa hesabu ni mahari. Wimbo wenyewe hautaji neno mahari. Unataja mali na fedha, na uteuzi huo una uzito. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Katika jamii nyingi za bara ilikuwa mifugo iliyopelekwa kwa wazazi, ikigawanywa kwa wajomba na mashangazi, ikafunga undugu wa koo mbili. Ukoloni uliingiza fedha katika mpango huo. Kijana aliyekuwa akitegemea ng'ombe wa baba yake sasa alitakiwa aende kazini akazitafute shilingi, na wazazi wa binti, wakiona kwamba shilingi zipo mjini, wakapandisha. Huko Kisii, nchini Kenya, mahari ilipanda mno kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, na jitihada za baraza la wilaya za kuiwekea kikomo hazikufaulu kwa kudumu. Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyobanwa kotekote: mwajiri anamlipa kana kwamba hataoa kamwe, mkwe anamdai kana kwamba mwajiri ni mkarimu.

Sasa ndipo tunaweza kuuliza nani alitunga. Jina linaloonekana kwenye santuri nyingi ni la Fadhili William, mzaliwa wa Taita mwaka 1938, aliyeurekodi karibu mwaka 1960 na kundi la Jambo Boys, kisha akaurudia akiwa na bendi ya studio ya Equator jijini Nairobi. Yeye alisema ni wimbo wake, uliotokana na msichana aliyempenda ujanani na kushindwa kumwoa. Lakini kuna dai lingine lenye nguvu, la Adam Salim, Mtanganyika aliyeishi Nairobi, kwamba aliutunga mwaka 1945. Mwaka huo Fadhili William alikuwa mtoto wa miaka saba. Wako na wengine wa pwani ya Kenya ambao majina yao hutajwa.

Wakenya na Watanzania tumelivutana jambo hili miaka mingi kwa hamasa ambayo laiti tungeitumia kwenye masuala ya mpaka wa Namanga. Sina hukumu ya mwisho. Mwelekeo wangu, nikipima tarehe, ni kwamba Salim alitunga na William akaufikisha kwenye santuri kwa sauti ambayo hakuna aliyeweza kuisahau, na kwamba kila mmoja wao alistahili kulipwa kwa alichokifanya. Kinachonivutia zaidi ni kwamba visa vya wote wawili ni kisa kimoja. Mmoja alitoka Tanganyika, mwingine Taita. Kila mmoja anasimulia msichana aliyempoteza kwa sababu ya fedha. Ukiwakuta watu wawili wanagombea wimbo mmoja na kila mmoja ana jeraha linaloulingana, unaanza kuelewa kwamba njia ile ya Moshi, Voi na Nairobi ilikuwa na vijana wengi wa namna hiyo.

Je, si hapo basi tunarudi kwa wahenga? Kama kisa ni cha wengi, si wimbo ni wa wengi? Hapana. Kisa cha wengi hakijitungi. Kuna mtu aliyeketi na gitaa akachagua kidege badala ya njiwa, akaacha kumlaumu mkwe, akaamua kuimba taratibu mahali ambapo wengine wangepiga kelele. Mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa muziki. Kumwita wahenga ni kumfuta.

Na kufutwa huko kuna historia ya kibiashara. Miriam Makeba, aliyekuwa amenyang'anywa pasi na utawala wa makaburu mwaka 1960 na kufungiwa njia ya kurudi kwao, ndiye aliyeutoa wimbo huu Afrika Mashariki na kuupeleka duniani. Mwaka 1965 aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu waliyoitoa kwa pamoja, na mwaka 1966 albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Watu hukumbuka tuzo na kusahau fungu lake. Ilishinda katika fungu la nyimbo za jadi.

Nina heshima kubwa kwa Makeba na sitaki msomaji adhani namlaumu. Tena mtu akiitazama orodha ya nyimbo katika albamu ile ataona jambo la ajabu. "Malaika" imezungukwa na nyimbo za kumwonya Verwoerd, za kudai ardhi irudishwe, za treni zinazowabeba wafanyakazi. Wachambuzi wameichukulia kuwa ndiyo mapumziko ya mapenzi katikati ya siasa. Lakini Makeba alitoka Johannesburg. Alijua mabweni ya wanaume, alijua kitambulisho cha kazi, alijua maana ya mshahara unaomkuta mtu kapera na kumwacha kapera. Mimi naamini aliuweka pale kwa sababu ni mahali pake.

Hata hivyo, fungu la nyimbo za jadi lilikuwa na matokeo yake. Wimbo ukishaitwa wa jadi, maana yake sokoni ni kwamba hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe hauna anayepaswa kulipwa. Yeyote anaweza kuurekodi, akaandika jina lake kama mpangaji, akapokea mrabaha. Wimbo huu umeimbwa na Boney M. mwaka 1981, na Angélique Kidjo mwaka 1991, na wengine wasiohesabika katika hoteli za kitalii kuanzia Lamu hadi Arusha. Wako waliomtaja Fadhili William, wako waliotaja jadi. Malipo hayakwenda kwa kasi ya wimbo. Fadhili William aliishi Marekani miaka mingi, akarudi, akafariki Nairobi mwaka 2001.

Mfano ulio wazi zaidi uko Afrika Kusini. Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake walirekodi "Mbube" jijini Johannesburg. Kundi lenyewe, kwa bahati, liliitwa Ndege wa Jioni, kwa Kiingereza cha mitaani kwao. Inasimuliwa kwamba Linda alipewa shilingi kumi. Wimbo ulivuka bahari, ukachukuliwa na Wamarekani kama kitu kilichookotwa msituni, ukabadilishwa jina, na mwaka 1961 ukawa wimbo wa simba anayelala usiku, unaojulikana na watoto wa dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walifikia mapatano na wenye haki za kibiashara mwaka 2006, miaka 44 baada ya kifo chake. Kesi ile iliwezekana kwa sababu kulikuwa na santuri ya 1939 na jina la mtu juu yake. Bila jina, wakili angemtetea nani?

Hapa ndipo wanaharakati na watumishi wa umma wanapohusika. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA. Inalinda kazi za watunzi wenye majina, na ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi. Kenya mwaka 2016 ilitunga sheria mahususi ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Ni sheria njema, na jamii zilizoporwa nyimbo na michoro zinazihitaji. Wasiwasi wangu ni huu: afisa mwenye fomu mbili mezani, moja ya mtunzi na nyingine ya jadi, akikosa ushahidi wa mtunzi atavutwa kuijaza ya jadi, kwa kuwa ni rahisi na ina harufu ya uzalendo. Kila afanyapo hivyo bila kuuliza kwanza, anarudia kosa la wenye studio wa miaka ya 1960. Wazee waliotunga nyimbo za dansi, za taarabu na za ngoma za vijijini kati ya 1940 na 1970 wanaondoka mmoja mmoja. Watoto wao wanazo picha, daftari, pengine barua. Hizo ndizo nyaraka. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali.

Nimesema kidege hana kosa. Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo. Alisema: "Mwalimu, umetueleza tundu, umetueleza punje, umetueleza mfugaji na mshahara wake. Mbona hakuna aliyemuuliza ndege kama anataka kufugwa?"

Wanaume darasani walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amegusa kasoro iliyo ndani ya wimbo na ndani ya maelezo yangu. Msichana wa "Malaika" hasemi neno. Hatujui kama alimpenda kijana huyo, au kama alikuwa na mipango yake, au kama kule alikoolewa alifurahi. Wimbo unamlilia mwanamume aliyeshindwa kununua, na hata tukimhurumia, na mimi namhurumia, bado lugha yake ni ya kununua. Nilijaribu kujitetea kwa sarufi, kwamba Kiswahili huruhusu "kidege huyu", chenye roho, na "kidege hiki", kama kitu. Akanijibu kwamba hilo ndilo swali lake hasa: mwimbaji anamwona yupi?

Historia ya mji inampa haki ya kuuliza. Wanawake nao walikuja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo. Pumwani walimiliki nyumba na kupangisha vyumba. Walipika pombe na vyakula, walifua, walilea. Wengine walikuwa wameikimbia ndoa iliyopangwa kwa ng'ombe waliokwisha kuhesabiwa. Utawala uliwaona kama tatizo, wazee wa vijijini wakawaita waliopotea, na methali ya kunguru ikapata kazi. Kumbe wako ndege walioruka wenyewe wakajijengea viota, pasipo kungoja kijana apandishwe mshahara. Wimbo wao, kama ulitungwa, haukufika studio ya Equator.

Nikirudi kwenye ile maana ya pili ya kitenzi, ile ya lawama, nadhani hapo ndipo pekee msichana anapopewa akili ndani ya wimbo. Anayeambiwa kwamba hakufikiri ni mtu anayeweza kufikiri. Malaika hatuhitaji kumwambia hivyo, wala tausi wa bustanini.

Mwezi uliopita nilihudhuria harusi ya mtoto wa jirani yangu. Nilikuwa katika kamati, kwa hiyo naijua bajeti: ukumbi, mapambo, mpiga picha, keki, magari, na kabla ya hayo yote mahari iliyochukua vikao vitatu. Bwana harusi ni mwalimu wa sekondari. Alikopa. Maharusi walipoingia, mshereheshaji akaomba watu wote wasimame, na muziki ulioanza ulikuwa "Malaika". Ukumbi mzima uliimba, hata watoto. Pembeni yangu alikuwa amesimama mweka hazina wetu, mzee wa makamo, daftari la michango likiwa kwapani na kalamu sikioni. Aliimba kwa sauti nzuri, macho ameyafumba. Alipofika pale fedha inapoisumbua roho akayafumbua, akalifungua daftari, akanionyesha kwa kidole jina la mtu ambaye alikuwa bado hajamalizia ahadi yake, kisha akaendelea kuimba.